Tupeane uzoefu: siku ambayo utafiti wa masta au PhD ulitaka kukushinda

Chaki_Mkononi
Wakuu za jioni. Leo nimepita steshenari nikamkuta kijana kakaa chini na rundo la madodoso anahesabu kurasa, macho mekundu kabisa, nikajikuta nimesimama pale kama dakika 5. Mwaka 2016 mimi nilikuwa na barua ya chuo, ya mkoa na ya halmashauri, nikapanda basi halafu bodaboda mpaka shuleni, mkuu wa shule akazisoma zote tatu akaniambia barua imeandikwa "shule za wilaya", haijataja shule yake, nirudi. Nikarudi mjini. Nilipofika tena wiki ya pili fom foo wote wako kwenye moku, na hao ndio walikuwa sampo yangu. Tupeane uzoefu, na wanaoanza wasome hapa.

Furu_wa_Nyanza
Aisee umenitonesha. Mimi ni mtu wa bailojia, nilikuwa nakusanya sampuli za furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, wale waliobaki baada ya sangara kuletwa ziwani na kuwamaliza wenzao. Miezi 9 nalala mialoni, naamka saa 10 alfajiri na wavuvi, nakata kipande cha pezi naweka kwenye kichupa naandika namba. Zote nikaziweka kwenye friza la nyuzi hasi 80. Ikaja Pasaka, umeme ukakatika Ijumaa Kuu, jenereta lipo ila dizeli hakuna na mlinzi hana namba ya mtu yeyote wa maabara. Nimeingia Jumanne, harufu imenipokea mlangoni kabla sijashika friza. Nilikaa sakafuni. Vijana wa sayansi nawaomba, gawanyeni sampuli, nusu wekeni kwenye ethanoli asilimia 95, kwa kazi ya DNA pezi linakaa vizuri tu kabatini bila umeme.

Nyota_ya_Asubuhi
Pole sana. Miezi 9 jamani.

Takwimu_Safi
Mkuu pole, hiyo ndiyo sayansi. Watu wa elimu na unasihi sijui mnalia nini, mtu anachukua sampuli ya watu 384 kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, lile la kupangia ukubwa wa sampuli, wakati shule yake ina wanafunzi 300, jedwali lenyewe kwa 300 linasema 169. Mwingine anahoji watu 12 anaita utafiti. Na nyie wa makaratasi hameni, tumieni Kobo, ile programu ya kujazia dodoso kwenye simu, data inaingia yenyewe.

Chaki_Mkononi
Usiwasikilize wa simu. Chaji ikiisha kijijini utaandika kwenye nini? Karatasi.

Mnasihi_Kanda_ya_Magharibi
Nilikuwa napita tu lakini hili la karatasi na watu 12 limenigusa.

Masta yangu ilikuwa ya ushauri nasaha, huduma za unasihi sekondari. Dodoso halina jina, na kwenye fomu ya ridhaa niliandika mwenyewe "hakuna atakayejua umejibu nini". Nimegawa, nimekusanya, nimerudi gesti usiku naingiza data kwenye SPSS, programu ya takwimu, kwa mwanga wa tochi. Dodoso namba 87 maswali yote hayajajibiwa. Nikaligeuza. Nyuma kaandika kwa penseli, "dada mimi sitaki kurudi nyumbani likizo naomba usiondoke".

Sikulala. Nilimpigia msimamizi wangu asubuhi akasema hilo halijakamilika, litoe kwenye uchambuzi, uendelee. Nikajiuliza nampataje, jina hakuna, nikianza kulinganisha miandiko shule nzima itajua na huyo anayemuogopa atajua. Nikamwendea mwalimu wa malezi, mama mmoja mtu mzima, akaniambia usimtafute, kaa mahali aweze kukuona. Basi nikaingia kila darasa nikasema nipo chini ya mwembe nyuma ya maktaba siku 3, anayetaka kuongea na dada aje, hata kama ni habari za masomo. Siku ya kwanza wamekuja wa masomo. Siku ya pili jioni kaja binti wa fom tuu kakaa mbali, kimya, mpaka kengele ya chakula imelia, ndipo akasema "ni mimi wa penseli".

Yaliyofuata siyaandiki, ni yake. Ustawi wa jamii walihusika na dawati la jinsia na watoto la polisi, na likizo ile hakurudi kwao.

Takwimu_Safi
Dada hapo siri si uliivunja? Kamati ya maadili ingekusimamisha.

Nyota_ya_Asubuhi
Wewe!! Umesoma kweli alichoandika?

Wakili_Mdogo
Hakuvunja kitu, binti kajitokeza mwenyewe. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 hapa Tanzania inamtaka mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Pia namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure kupiga.

Mnasihi_Kanda_ya_Magharibi
@Takwimu_Safi kosa langu lilikuwa ile sentensi ya fomu. Sikuwa na haki ya kumuahidi mtoto siri isiyo na mpaka. Siku hizi naandika "nitatunza siri, ila nikiona uko hatarini nitatafuta msaada na nitakwambia kwanza". Na hiyo Kobo yako, yeye angeandika wapi nyuma ya simu?

Takwimu_Safi
Hapo sina jibu. Samahani dada. Kesho naongeza nafasi wazi mwisho wa fomu zangu.

Maji_ya_Bonde
Niko Kenya, wacha nami niseme. Nilipima floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kwa maji ya visima upande wa Nakuru, leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya sayansi ya huku, iko sawa, mashine iko sawa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vile visima vilikuwa vimepita mbali, meno ya watoto pale ni ya kahawia. Mama mmoja akinitekea maji akauliza, "majibu utatuletea?" Nikamwambia ndiyo. Nilidifendi, nikagradueti, majibu yakabaki kwa laibrari. Watoto wake bado wanakunywa.

Chaki_Mkononi
Umeshawahi kurudi ndugu?

Maji_ya_Bonde
Bado. Nimetoka kufungua daftari la fildi sahi, jina la kisima liko na namba ya chifu iko. Jumamosi napanda matatu.