Pikapu ya dizeli inavuta paundi 17,000, kwa nini naambiwa haitoshi?

Kijana wa Machame
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa pikapu kubwa za dizeli huku Marekani. Niko Fort Worth, Texas. Mwezi uliopita nimenunua Ram 2500 yenye injini ya Cummins lita 6.7, milango minne. Karatasi za kiwanda zinasema inavuta paundi 17,000 na ushei. Nimepata mteja anayetaka nimbebee mashine ya kuchimbia, paundi 8,500, niipeleke Arkansas. Nitakodi trela la shingo ya bata, lile linalokaa katikati ya bodi. Likiwa tupu ni paundi 6,500, na uzito wake wa mwisho limeandikwa 15,900. Jumla yangu ni 15,000, kwa hiyo nabakiwa na nafasi ya paundi 2,000. Mke wangu tutakuwa naye. Jirani aliyewahi kuendesha malori kaniambia gari halitoshi. Halitoshi vipi na injini ina nguvu namna hii?

Baba Neema
Ndugu yangu, hongera kwa gari, na jirani yako msikilize. Injini itavuta, hilo halina ubishi. Kinachokosekana ni mgongo. Punda anavuta mkokoteni wenye magunia kumi, lakini mpakie manne mgongoni uone kama hapigi magoti. Trela la shingo ya bata linaweka asilimia 15 hadi 25 ya uzito wake juu ya bodi ya pikapu. Kwa paundi 15,000, ukichukua asilimia 20, ni 3,000 zimekaa mgongoni kabla wewe na shemeji hamjapanda.

Sasa fungua mlango wa dereva, tazama nguzo ya mlango. Kuna stika ya njano na nyeupe inayosema watu na mizigo kwa pamoja visizidi paundi kadhaa. Hiyo namba ni ya gari lako wewe, si ya gari la kwenye tangazo. Kwa 2500 nyingi za dizeli ni kama 2,000 hivi. Sababu ni kwamba pikapu hizi kwa kawaida hukomea GVWR ya paundi 10,000, yaani uzito wa mwisho unaoruhusiwa wa gari lenyewe na kila kilicho juu yake, na injini ya dizeli ni chuma kizito kinachokula sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Na ile 17,000 ya kiwandani hupimwa kwa kanuni ya wahandisi wa magari, SAE J2807: dereva na abiria mmoja wa paundi 150 kila mmoja, gari halina sanduku la vifaa wala mnyororo. Hata mlima wa kujaribia unajulikana, ule wa Davis Dam kule Arizona. Ni kipimo cha haki, ila hakikukusudiwa gari lako na mizigo yako.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na 2500 kama yako na trela kama hilo. Tairi la nyuma lilipasuka barabara kuu ya I-30 kabla ya Texarkana, mchana wa jua kali, na mwanangu amelala kiti cha nyuma. Mungu alitusitiri. Baada ya kubadilisha tairi nilijikokota hadi kituo cha malori nikapanda mizani ya CAT, ile ya kupimia malori. Karatasi ninayo mpaka leo: mbele 4,800, nyuma 6,880, trela 12,500. Jumla 24,180, nikajiona mzima. Kisha nikasoma stika: ekseli ya nyuma mwisho 6,500. Pikapu peke yake ilikuwa imebeba 11,680 na ruhusa ni 10,000. Injini haikuwahi kulalamika hata siku moja, na hapo ndipo nilipodanganyika.

Kuhusu leseni: 10,000 ya pikapu na 15,900 ya trela ni 25,900, chini ya 26,001 inapoanzia CDL, leseni ya udereva wa kibiashara, kwa hiyo hudaiwi. Ukihamia 3500 ya matairi sita yenye GVWR 14,000, mgongo utatosha lakini kwa trela hilohilo unafika 29,900, na hapo lazima CDL ya Class A, daraja la wanaovuta trela kubwa. Watu wengi wanang'ang'ania 2500 kwa kukwepa mtihani huo. Usifanye hivyo, kaka. Na kwa kuwa unavuka mpaka wa jimbo kibiashara, namba ya USDOT, ya Idara ya Usafiri, na cheti cha daktari vinakuhusu tayari.

Mama Furaha, Nashville
Baba Neema amesema yote. Mimi naongeza breki tu. Mume wangu anapita mlima wa Monteagle kwenye I-24 kila wiki. Kupanda si shida, kushuka ndiko kunaua. Washa breki ya ekzosi, ile inayozuia moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo, kabla mteremko haujaanza, na hakikisha breki za umeme za trela zinashika kweli. Zijaribu uwanjani, polepole, kabla hamjaondoka.

Kijana wa Machame
Nimetoka nje na tochi. Stika yangu inasema 2,090. Mimi na mke wangu tukipanda, na sanduku la vifaa, tumeshakula 500. Nimekaa kimya pale mlangoni muda mrefu. Nimempigia mteja, hiyo ya 8,500 atatafuta mwingine. Anayo nyingine ndogo ya paundi 4,800, nitaibeba kwa trela la kawaida la nyuma. Baba Neema, hilo linaweka kiasi gani mgongoni?

Baba Neema
Asilimia 10 hadi 15. Ikipungua hapo trela linayumba. Pima mara mbili: kwanza ukiwa na trela, kisha lifungue upime pikapu peke yake. Tofauti ya uzito wa pikapu ndiyo trela linachokuwekea. Ukipata karatasi niandikie namba zote tatu.

Kijana wa Machame
Jumamosi asubuhi naenda mizani. Na kitabu cha CDL nimeshakipakua.