Hivi hawa mbwa wa Watuareg wanalishwa kweli?

Ndururu: Wakuu habari zenu, nimeona video ya Watuareg wako jangwani na ngamia wao, pembeni kuna mbwa warefuu wembamba, mbavu unazihesabu na nyonga zimechomoza, kwenye komenti watu wanatukana kwamba wanateswa njaa. Mbwa wa hivyo anakamata swala kweli au stori tu?

Mbwa Koko: Mkuu huyo ni Azawakh, kwao ni Mali, Niger na Burkina Faso. Njaa hana, ndo umbo lake. Dume begani anafika sentimita 64 mpaka 74 halafu uzito kilo 20 hadi 25 tu, sasa hapo mafuta yatakaa wapi? Anawinda kwa macho siyo kwa pua, akishaona swala au sungura ni mbio tu, na ngozi nyembamba yenye manyoya mafupi inamsaidia kupoza mwili kwenye lile jua. Usiangalie mbavu, angalia paja. Mzima paja lake limejaa misuli, mwenye njaa limenyauka.

shemeji wa pili: Alafu watu wameshikilia uwindaji wakati kule kambini kazi kubwa ya huyo mbwa ni ulinzi. Usiku fisi au mbweha akisogelea mbuzi, mmoja akibweka tu wote wanakurupuka wanaenda kwa pamoja, na kuna wanaolala juu ya paa la nyasi wakisikia kitu wanaruka chini. Chakula chenyewe uwele na maziwa, nyama ni bahati.

Ndururu: Duh asanteni. Ila si Waislamu wale, mbona mbwa wanakaa nao karibu hivyo?

Mbwa Koko: Mbwa wa kuwinda ana nafasi yake bana, soma Al-Maida aya ya 4, windo la mnyama aliyefundishwa linaliwa.

Tumbili: Mi namtaka huyo, wanapatikana nje ya Afrika?

shemeji wa pili: Wapo, Ulaya walianza kupelekwa miaka ya 1970, Marekani klabu yao kubwa ya mbwa ikamtambua kikamilifu 2019. Ila jipange, mgeni hamtaki kabisa hata umbembeleze vipi, baridi hawezi inabidi umvalishe koti, na akiona kitu kinakimbia ukimwita hasikii, so kama huna uzio mrefu achana naye.