Multikasti haifiki R3 ingawa ping inajibiwa

Swali

Ndugu wataalamu, naomba msaada wenu. Nina ruta tatu, R1, R2 na R3, zinazotumia OSPF (itifaki ya kutafuta njia fupi) pamoja na PIM-SM (itifaki ya kusambaza multikasti, yaani data moja inayorushwa kwa wapokeaji wengi kwa pamoja). Seva ya video iko nyuma ya R1, ambayo ndiyo RP pia (ruta inayokutanisha chanzo na wapokeaji wa kundi), na inarusha kwenye kundi 239.10.10.5, watazamaji wako nyuma ya R3. Video ilikuwa ikipita R1, R2 hadi R3 bila tatizo, lakini tangu tulipounganisha waya wa moja kwa moja kati ya R1 na R3, hakuna picha kabisa. Ping kutoka R3 hadi kwenye seva inajibiwa vizuri. Kwenye R3 naona (*, 239.10.10.5), yaani ingizo la kundi hilo kwa chanzo chochote, ila jirani wa RPF (ruta inayofuata kuelekea RP au chanzo) ameandikwa 0.0.0.0, yaani hayupo, na kwenye R1 orodha ya violesura vya kutokea (milango ambayo ruta hutolea data ya kundi) ni tupu.

Jibu la 1

Kagua kwanza TTL ya pakiti (kihesabu ambacho kila ruta hukipunguza, na kikiisha pakiti hutupwa). Programu nyingi hurusha multikasti kwa TTL ya 1 zisipopangwa vingine, na pakiti ya namna hiyo haivuki ruta hata moja.

Muulizaji

Ahsante. Nimenasa pakiti karibu na seva na TTL ni 16.

Jibu la 2

Hiyo 0.0.0.0 ndiyo inayokupa jibu. PIM haina jedwali lake la njia, bali huazima lile la OSPF kuuliza: nikitaka kurudi kwa RP au kwa chanzo, napitia wapi? Tangu waya mpya uwekwe, OSPF inajibu kwamba njia fupi ni huo waya, na nina hakika hukuwasha PIM kwenye violesura vyake. Kwa hiyo R3 inatazama upande ambao haina jirani wa PIM, haina wa kumpelekea ombi la kujiunga, na R1 haipati habari kwamba kuna mtu anayesubiri video. Ping haiwezi kukuonyesha hitilafu hii, kwa sababu inapima njia ya unikasti (data ya mpokeaji mmoja) tu. Washa PIM pande zote mbili za waya huo.

Jibu la 3

Nakubaliana na mwenzangu. Lakini ikiwa waya mpya una uwezo mdogo na hutaki ubebe video, weka kwenye R3 njia tuli ya multikasti (unayoiandika mwenyewe kwa mkono) inayoelekea R2. Hakikisha inagusa anwani ya RP na mtandao wa seva pia, maana R3 ikishapokea pakiti za kwanza kupitia RP huanza kujiunga moja kwa moja na chanzo, na ukaguzi wa RPF hufanywa upya kwa anwani ya seva.

Muulizaji

Ni kweli, PIM haikuwashwa upande wowote. Nimeiwasha, R1 imeonekana kama jirani kwenye R3, kiolesura kipya kimeingia kwenye orodha ya R1, na picha imerudi. Waya una uwezo wa kutosha, kwa hiyo sikuhitaji njia tuli. Nawashukuru sana.