Naomba ushauri: tajiri asema serikali haiwezi kunipangia mshahara

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mimi ni hamali kwenye godauni Shimanzi, Mombasa, mwaka wa tatu sasa, shilingi 450 kwa siku. Gunia la kilo 50 likishuka mgongoni, jingine lanisubiri. Nilimpelekea tajiri agizo la serikali la kima cha chini cha mshahara. Akalikunja mara nne, akanirudishia: eti mshahara ni mapatano yetu wawili, na mambo ya kazi yalihamia kaunti.

Nimesoma Katiba ya 2010. Kifungu cha 41 chataja ujira wa haki bila kiasi. Jedwali la Nne laipa serikali ya kitaifa mamlaka ya viwango vya kazi.

Je, hayo yatosha kumbana mwajiri binafsi? Nianzie ofisi ya leba au mahakama ya kazi? Nina watoto wawili, naogopa kufukuzwa.