Naomba ushauri: msasa wa mashine ya dramu unaziba kwenye mbao za paini

Habari zenu mafundi. Natengeneza vitanda na makabati kwa paini ya Mufindi, na karakana tuna mashine ya msasa ya dramu (silinda inayozunguka iliyoviringishiwa msasa, ubao unapita chini yake). Mninga na mkongo inapiga safi kabisa. Shida ni paini: utomvu unajikusanya kwenye msasa, unaganda kama lami, halafu kila ubao unaofuata unatoka na mstari mweusi wa kuungua, kutoka mwanzo hadi mwisho. Penye vifundo ndiyo balaa. Na ukishapaka vanishi mstari ndiyo kwanza unajitokeza.

Natumia msasa namba 80 (mkavu zaidi), kisha 120 (laini). Nimepunguza kina, nimeongeza mwendo wa mkanda unaopitisha ubao, ubao naupitisha kimshazari kidogo. Tatizo limepungua, halijaisha. Mpira wa kusafishia msasa unasaidia utomvu ukiwa mbichi tu, ukishaungua hautoki.

Nianze na 60? Au mbao hazijakauka? Muuzaji anaapa zimekaushwa, ila nikipasua nanusa utomvu waziwazi, na vumbi lake linanata vidoleni. Na aliyewahi kuosha msasa wa kitambaa ukarudi kazini, anatumia dawa gani? Rola moja si bei ya mchezo.