Wakuu, hii chanjo ya corona ya Janssen nichome au nisubiri kwanza?

MamaNkuhungu: Habari za jioni, nina miaka 34, nauza mchele sokoni Majengo watu wananipumulia usoni kutwa nzima. Tangu Mama Samia achomwe ile Julai 28, 2021 najiuliza na mimi niende ama vipi, ila hizi habari za damu kuganda zinanitisha na mume wangu ndo kabisaaa hataki kusikia

MzeeWaZabibu: Kuganda damu kupo, tusidanganyane. Marekani waliisimamisha mwezi wa nne baada ya kesi 6 kwenye dozi kama milioni 6.8, wote wanawake chini ya miaka 50 yani kundi lako, wakachunguza wakairuhusu tena. Sasa piga hesabu mwenyewe, na corona yenyewe si nayo inagandisha damu? Ukichoma halafu ndani ya wiki tatu kichwa kikagoma kuacha kuuma au mguu ukavimba kimbia hospitali

DogoAreaC: Mi nimechoma alhamisi, sindano moja tu imeisha. Usiku nilitetemeka kama nina malaria, mkono hata ndoo siwezi kunyanyua, nikanywa uji na panadol kesho yake mchana niko fiti

Mbishi_Makole: kama ni salama mbona tunasainishwa fomu??

DogoAreaC: @Mbishi_Makole we operesheni ya henia ulifanyiwa bila kusaini? 😂

MamaNkuhungu: Asanteni. Mama yangu yuko Kongwa ana sukari na presha, jumatatu nampeleka yeye kwanza, mimi bado naongea na baba watoto