Tupeane uzoefu: nani kichwa chake kilibadilika baada ya kujifungua?

Habari zenu wapendwa. Niko Mtwara mjini, mwanangu wa kwanza ana miezi mitano. Nabangua korosho, nakaanga, nauza kwa vifuko. Juzi niliweka korosho kwenye karai, mtoto akalia, nikaenda kumnyonyesha. Nilikuja kushtuka moshi umejaa uani, kilo moja na nusu imekuwa mkaa. Mimi niliyekuwa napiga hesabu za wateja kumi kichwani bila karatasi!

Nimesoma kwamba kuna watafiti walipiga picha ubongo wa wanawake kabla ya mimba ya kwanza na baada ya kujifungua, matokeo yakatoka Desemba 2016. Baadhi ya sehemu zilipungua ujazo, hasa zile za kusoma hisia za wengine, na miaka miwili baadaye bado zilikuwa hivyo. Lakini walipopimwa kumbukumbu, haikuonekana kushuka. Sasa mbona mimi nasahau? Wenzangu ilikuwaje?

Mama wa Masasi: Pima damu, mdogo wangu. Mimi nilikuwa nasahau mpaka kadi ya kliniki, kumbe damu iko chini. Na usingizi wa kukatwakatwa nao haukuachi salama.

Mama wa Nachingwea: Yangu ilizidi kusahau. Mama alikuja kunilea uzazi, akanikanda maji ya moto, uji wa pilipili manga kila asubuhi. Arobaini ilipoisha akarudi kwake. Hapo ndipo nilipozama. Mtoto analia mkekani pembeni yangu, mimi nasikia kama analia nyumba ya jirani. Kliniki kila mwezi anawekwa kwenye mzani, naambiwa anaongezeka vizuri. Mimi nalalaje, nakulaje, hakuna aliyeuliza. Nyumbani wakasema nimerogwa, nikazungushwa kwa waganga. Wifi yangu ndiye aliyenishika mkono hadi hospitali. Ilikuwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Nikapewa dawa ambayo haikunizuia kunyonyesha, na mtu wa kuzungumza naye. Mwezi wa nne ndio nikaanza kujisikia mimi.

Baba wa Kilwa: Wanaume wenzangu mnaosoma humu, mke wangu siku ya tano alikuwa hajalala kabisa, anasema mtoto si wake, wamembadilishia. Usiku huohuo tukaenda hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa wa akili wa baada ya kujifungua, humpata mzazi mmoja au wawili kati ya 1,000, na ni dharura, si ya kusubiri kukuche. Leo yuko mzima, anafundisha.

Mwenye mada: Asanteni sana. Dada wa Nachingwea, pale juu sikusema yote. Mtoto akilala mimi silali, naangalia tu dari. Na kulia nalia bila sababu. Kesho kutwa nina kliniki, naanza kusema vipi?

Mama wa Nachingwea: Usingoje kuulizwa, mdogo wangu. Kabla hujamvua mtoto nguo ili apimwe, mwambie nesi: "Leo na mimi nina shida yangu." Ukitoka niandikie, nitakuwa nasubiri.